Vifungo Tisa Mgongoni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Kama kuna mtoto analia, mbebeni. Kama kuna sufuria jikoni, punguzeni moto kwanza. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeingia majini akiwa amevaa gauni alilolishona kwa mikono yake mwenyewe.

Aliingia saa tatu asubuhi, jua linawaka. Akili zake zilikuwa timamu. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani yamesemwa mengine. Hakuingia kujiua. Aliingia kuuliza. Alikuwa fundi cherehani mwenye swali moja, na swali hilo alikuwa nalo tangu ana miaka kumi na miwili.

Mtaani walimwita Fundi Zamani. Kazi yake ilikuwa kushona mavazi ya kale. Ukitaka koti la askari wa miaka themanini iliyopita kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, unakwenda kwake. Jumba la makumbusho likitaka gauni la muuguzi wa enzi za bibi zetu, wanakwenda kwake. Chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya duka la rangi. Ngazi kumi na nne za mbao, halafu mlango usiofunguka mpaka uunyanyue kidogo. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu, sanamu ya kupimia nguo isiyo na kichwa, na binti yake aliyekuwa msaidizi wake, pini mdomoni kutwa nzima.

Watu walipenda kumuuliza: mawazo ya kushona nguo za watu waliokufa zamani unayatoa wapi? Walidhani atataja vitabu. Vitabu alikuwa navyo. Alipekua marobota ya mitumba pia. Alikodolea picha za zamani za studio mpaka macho yakamwasha. Aliwabembeleza wazee wamfungulie makabati, akawauliza maswali ya ajabu: "Hili ukikaa lilikubana wapi? Mfukoni humu uliweka nini?" Lakini hayo yote, alisema, ni kupiga hodi tu mlangoni.

"Nguo huijui kwa kuitazama," alimwambia binti yake. "Ivae. Pika nayo. Panda nayo ngazi. Itakuambia yenyewe mwenye nayo aliishije."

Binti yake anakumbuka siku mama alipokwenda kununua vitunguu amevaa gauni la bibi harusi wa karne iliyopita, mkia unafagia barabara. Muuza duka alitoka nyuma ya meza, akainama mpaka kiunoni.

"Karibu, Malkia. Ikulu mmeishiwa vitunguu?"

"Tumeishiwa vitunguu, wewe umeishiwa adabu. Nipe kilo moja, tena usinichagulie vilivyooza."

Alirudi nyumbani anacheka. Kisha akakaa, akaandika kwenye daftari lake: bega la kushoto linauma, kumbe mkono wa kushoto ndio uliobeba mkia. Akafumua bega zima akalishona upya. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi, wasikilizaji wapendwa. Alivaa kwanza. Aliamini baadaye.

Sasa tuje kwenye lile swali.

Miaka sabini iliyopita, kando ya mto, palikuwa na kiwanda cha dobi. Kilifua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Wanawake walisuuza mashuka hayo ndani ya birika kubwa la mawe, lenye ngazi zinazoshuka majini. Asubuhi moja lango la juu, lililozuia maji ya mto, likapasuka. Mto ukaingia birikani kwa mkupuo mmoja. Wanawake kumi na mmoja walikuwa majini. Kumi walikufa. Narudia: waliingia kumi na mmoja, akatoka mmoja.

Huyo mmoja alikuwa bibi yake Fundi Zamani, mama mzaa mama. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kati ya wale kumi alikuwamo dada yake wa tumbo moja, mwenye miaka ishirini na mitatu, aliyeacha nyumbani mtoto mchanga wa kiume.

Mlinzi aliyekuwa juu ya ukuta alisema aliwaona hao ndugu wawili wameshikana mikono. Kisha akaona mikono imeachana. Bibi aliokotwa mbali huko chini, juu ya mawe, yu hai, amevaa shumizi tu. Gauni la kazi hana. Watu wakajumlisha. Nafasi ya kuvua gauni lake aliipata; nafasi ya kumshika dada yake hakuipata. Wakubwa wa kiwanda walipomuuliza, Bibi alisema, "Sijui nilitokaje." Hakuongeza neno. Na hilo ndilo lililommaliza.

Yule mtoto mchanga alikua. Leo ni mzee wa miaka sabini na moja, alikuwa fundi wa saa, na kwa kuwa kwa Fundi Zamani ni mjomba, mtaa mzima unamwita Mjomba. Maisha yake yote hakumsalimia Bibi. Bibi alipokufa, jeneza lilipita mbele ya nyumba ya Mjomba, na mlango ukabaki umefungwa. Fundi Zamani alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa amelelewa na Bibi. Sindano alifundishwa na Bibi. Aliutazama mlango ule, akajiuliza: ni kweli alimwachia?

Basi miezi mitano iliyopita, mwongozaji wa kikundi cha maigizo akapanda zile ngazi kumi na nne.

"Fundi, tunaigiza mkasa wa kiwanda cha dobi. Nataka magauni kumi na moja ya kazi. Kisa chenyewe amenipa Mjomba wako."

"Na mwisho wake?"

Mwongozaji alijikuna shingo. "Mwisho ni kama unavyojulikana. Mdogo anaachia mkono, anavua gauni, anatoka."

Binti alimtazama mama yake akidhani atamfukuza mtu yule. Mama akasema, "Nitashona."

Mwongozaji alipoondoka, binti alitema pini. "Mama! Utamshonea Bibi nguo ya aibu?"

"Nitamshonea nguo ya kweli. Hiyo aibu, itakayemtosha ataivaa."

Picha ya wafuaji ilikuwa moja tu. Wamepanga mstari, wametazama mbele, hakuna anayecheka. Vifuani magauni yao yalikuwa bapa, hakuna kifungo kinachoonekana. Fundi Zamani akaamua kwamba vifungo vimefichwa chini ya ukingo wa mbele, kama ilivyokuwa desturi ya nguo nyingi za wakati huo. Akakata. Akashona kumi na moja, ya pamba nzito, akayatundika kwenye kamba iliyokatisha chumba.

Tangu hapo binti hakupenda kuwa wa kwanza kufungua mlango asubuhi. "Yalikuwa yananing'inia kama watu wanaosubiri kuitwa majina," alituambia. "Ukipita yanageuka kidogo. Najua ni upepo. Lakini yanageuka."

Mama yake hakuridhika. Alivaa moja, akapika nalo, akafua nalo, akasema linadanganya. Jengo la kiwanda siku hizi ni bohari ya mbao. Akaenda kumwomba mtunza bohari amruhusu apekue. Nyuma kabisa, chini ya vumbi, akakuta meza ya kupigia pasi ya enzi hizo, imevishwa kitambaa kinene kama godoro. Mtu mwingine angeona meza. Yeye aliona mshono. Akachukua mkasi, akafumua. Ndani kulikuwa na shuka, chini ya shuka blanketi, chini ya blanketi shuka jingine. Na chini kabisa, limelala bapa kama jani lililokaushwa, gauni la kazi. Magauni yalipochakaa, kumbe, waliyafanya kitanda cha pasi.

Akaligeuza. Mbele hakuna kitu. Mgongoni vifungo tisa vya mfupa, kutoka shingoni hadi chini ya kiuno.

Mtunza bohari, ambaye marehemu mama yake alifanya kazi hapo, alicheka. "Mbele wangewekaje, Fundi? Mashine ya kukamua ingevisaga, na vifungo vingechana mashuka ya watu. Mama alisema asubuhi walifungana wawili wawili. Mimi nakufunga, wewe unanifunga."

Binti, aliyekuwa amemshikia taa, anasema mama yake aligeuka ghafla, kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake.

Kwa maana fikirini, wasikilizaji wapendwa. Vifungo tisa, mgongoni. Bibi aliokotwa bila gauni. Ni nani alivifungua?

Fundi Zamani alimwita Mwongozaji siku hiyohiyo. Mwongozaji aliligeuza gauni, akaguna.

"Mtu anayetaka kuishi hafungui vifungo, Fundi. Anachana."

"Chana, basi. Nakuruhusu."

Mwongozaji alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Gauni halikuchanika.

"Haya. Basi alijifungua mwenyewe. Mikono si inafika nyuma? Niletee uhakika nibadilishe. Waigizaji wangu wameshakariri."

Fundi Zamani akafumua magauni yote kumi na moja, akahamisha vifungo mgongoni. Akavaa moja, akasimama uani, akamwambia binti amwagie maji ndoo kwa ndoo. Likiwa kavu alifungua vifungo vyote tisa mwenyewe, kwa shida, anajipinda kama mtu anayejikuna. Lilipolowa, matundu yalibana. Alifungua vitatu, mabega yakagoma.

"Umeona?" binti akasema. "Haiwezekani. Yameisha. Ingia ndani ubadilishe nguo."

"Hapa nimesimama juu ya saruji. Bibi hakuwa amesimama. Huenda maji yalimwinua, yakamlegezea. Huenda aliweza." Sauti ilimshuka. "Kama aliweza, nataka nijue. Hata kama ni hivyo, nataka nijue."

Binti hakumwelewa mara moja. Baadaye alielewa. Mama yake hakuwa na uhakika. Miaka yote ile ya kumtetea Bibi mtaani, moyoni hakuwa na uhakika.

"Mama, mimi nina mtoto wa miezi minane. Usinifanye nimlee bila bibi yake."

"Ndiyo maana nakuchukua wewe. Nani ataniangalia kama wewe?"

Siku ile ya kuingia birikani walimwacha mtoto kwa jirani. Mtunza bohari aliwafungulia geti la nyuma, akasita. "Maji ya humo yanaingia kutoka mtoni na hakuna anayejua kina chake siku hizi. Mimi hata paka wangu simruhusu." Lori la mbao likapiga honi mbele, akaenda kulipokea.

Birika lilikuwa kimya. Maji ya kijani, mazito, hayaonyeshi kilichomo. Ukutani zilibaki pete za chuma, na binti akavuta kamba kutoka pete ya ukuta huu hadi pete ya ukuta wa pili, juu kidogo ya maji, ili mama aishike akichoka. Kisha akamfunga vifungo vyake. Tisa. Anakumbuka mgongo wa mama yake ulikuwa na joto.

"Nikisema basi, ni basi," mama alisema.

"Na mimi nikisema?"

"Wewe ni mtoto wangu. Unasema, nasikia, naendelea."

Walicheka. Huko kulikuwa kucheka kwao kwa mwisho kabla ya hayo mengine.

Alishuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ngazi ya tano maji yakafika kifuani. Akapeleka mikono nyuma. Baada ya muda mrefu akapaza sauti, "Kimoja!" Akajaribu tena. Mguu ukateleza kwenye utelezi wa mawe, na Fundi Zamani akatoweka.

Akaibuka nje ya ngazi, mahali pasipo na sakafu. Mkono mmoja ukadaka kamba. Gauni lilikuwa limejaa maji kama gunia, linamvuta. Binti alimwona akijaribu kupeleka mkono wa pili mgongoni. Kila akijaribu, kidevu kinazama. Hakusema basi. Hakuweza kusema chochote.

Binti aliingia. Alijivuta kwa kamba, kwapa moja limeikumbatia, akamfikia, akamshika mkono. Akavuta. Mama hakusogea. Akavuta tena, na kamba ikalegea, na sasa wote wawili wanashuka. Maji yakamfika binti mdomoni. Ndipo akaelewa kwamba akiendelea kuushika mkono ule, watakwenda wote.

Akauachia mkono wa mama yake.

Akamgeuza. Akapapasa kifungo cha juu kwa mkono mmoja. Kikagoma. Tundu limebana, linataka mkono mmoja uvute kitambaa na mwingine usukume kifungo. Akaiachia na kamba. Wasikilizaji wapendwa, alibaki hana alichokishika duniani isipokuwa vile vifungo. Alifungua chini ya maji, amefumba macho, kimoja, kingine, kingine. Cha sita kilipotoka, gauni liliteleza mabegani likazama lenyewe, na mama akaruka juu kama mtu aliyesukumwa. Mwenyewe binti alikuwa anakwenda chini. Kilichomwokoa ni ile kamba, aliyoipata kwa ncha za vidole.

Kama kungekuwa na mlinzi juu ya ukuta, angesema nini? Angesema ameona mikono imeshikana, kisha ameona mikono imeachana.

Walitambaa mpaka juu ya ngazi. Mama alikohoa maji ya kijani, yanamtoka mpaka puani. Alipopata pumzi, hakuuliza wako wapi.

"Umetumia mikono mingapi?"

"Mama, tulia kwanza."

"Mingapi?"

"Yote. Yote miwili."

Fundi Zamani alilala chali juu ya mawe akalia kwa sauti, amevaa shumizi, jua likimpiga usoni. "Dada yake," alisema. "Dada yake ndiye aliyemfungua. Na yeye mgongoni kwake hapakuwa na mtu."

Siku mbili baadaye homa ilianza. Daktari alisema maji machafu yaliingia kwenye mapafu. Wodini aliomba daftari lake. Aliandika kwa taabu ukurasa mmoja wa kumpa Mwongozaji, na mwisho akaandika, kama alivyoandika siku zote: mabega yanauma, mwenye gauni hili hakuweza kulivua peke yake. Siku ya sita akatutoka. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Siku ya tatu baada ya mazishi, binti alikuwa katika chumba cha kazi, mtoto mgongoni, magauni kumi yamebaki kwenye kamba. Akasikia mtu anapanda ngazi polepole, anapumzika, anapanda. Mlango ukanyanyuliwa. Alikuwa Mjomba. Hakuwahi kukanyaga hapo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Alibaki mlangoni. "Yule wa maigizo amenionyesha karatasi ya mama yako. Mimi ni fundi wa saa. Karatasi hainitoshi."

Binti hakubishana. Alishusha gauni moja, akalivalisha sanamu, akafunga vifungo tisa. Akaleta maji kwenye jagi, akamwagia mpaka yakachuruzika sakafuni. "Mkono mmoja uwe umeshika meza, Babu. Jifanye meza ndiyo uhai wako."

Mzee alishika meza. Kwa mkono mwingine, ule uliozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, akapapasa kifungo cha juu. Akajaribu. Akajaribu tena. Mtoto mgongoni kwa mama yake alikuwa anapiga kelele zake za furaha, na mzee anajaribu. Kifungo hakikutoka.

Kisha akaunyanyua mkono wake kutoka mezani, akaupeleka mgongoni kwa gauni. Kifungo kikatoka.

Alifungua vyote tisa, hakuruka hata kimoja. Gauni lilipoanguka sakafuni, akaketi kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa.

"Nilidhani mama yangu aliachwa," alisema. "Kumbe alikuwa kazini."

Akanyoosha mikono. "Nipe huyo mtoto." Akapewa.

Wasikilizaji wapendwa, mchezo ulichezwa wiki mbili zilizopita. Mwisho wake ulibadilishwa. Dada mkubwa anamgeuza mdogo wake, anamfungua kwa mikono yote miwili, na taa zinazimwa hapo. Mjomba alikaa mstari wa mbele. Kwenye kaburi la Bibi sasa kuna maua mapya, na aliyeyapeleka anatembea kwa shida.

Kwa binti wa marehemu, kwa mjukuu wake ambaye ameanza kutambaa katikati ya vipande vya kitambaa, na kwa Mjomba, tunasema poleni sana. Poleni kwa msiba huu, na poleni kwa ule wa miaka sabini, ambao hakuna aliyewapa pole nao. Fundi Zamani, pumzika. Umeshavua.

Nasi tuliobaki, tufikiri. Pengine kwenu yupo mtu asiyesalimiwa. Yupo shangazi ambaye jina lake likitajwa watu wanakohoa. Ulizeni sababu. Na mkishaambiwa sababu, ulizeni ni nani aliyekuwapo karibu kiasi cha kuona. Kama huyo asiyesalimiwa bado anapumua, msingoje kesho. Mpelekeeni salamu jioni hii, kabla chakula hakijaiva.